Breki Mpya Si Breki Tayari

Nianze na kitu kitawauma wengine: Nairobi tunajua kufanya gari ikimbie, hatujui kuifanya isimame. Msee ataweka ganji yake yote kwa ekzosi na rimu, ndai ikipita inalia mpaka watoto wanatoka kwa geti. Muulize kuhusu breki. Atakuambia, "Si niliweka mpya?"

Mimi pia nilikuwa huyo msee.

Mwaka jana nilipeleka Impreza ya binamu yangu kwa siku ya mbio huko Athi River. Pedi mpya, diski mpya, zote zilifungwa jioni ya jana yake. Fundi alizunguka mtaa mara moja, akanirudishia funguo, akasema, "Iko sawa, kijana." Nikaamini.

Raundi ya kwanza, poa. Ya pili, poa. Ya tatu, mwisho wa ile sehemu imenyooka, nikakanyaga breki na gari ikakataa kupunguza. Kanyagio halikuzama, lilikuwa gumu kama jiwe. Nilisukuma na mguu wote, lakini ilikuwa ni kama mtu amepaka sabuni kwa diski. Nikatoka kwa lami, nikaingia murram, gari ikasimama karibu na zile tairi za kinga.

Nyuma ya hizo tairi alikuwa ndugu yangu mdogo, simu mkononi, akinirekodi. Hiyo klipu sijawahi kuipost. Unasikia tu sauti yake, "Bro, bro, bro," halafu vumbi.

Sasa, mimi niliacha uni kabla ya kumaliza, kwa hivyo hii si lecture. Lakini hiyo wiki nilikaa chini nikasoma, na nilichopata ni kitu kila mtu anayeenda mbio anafaa kujua.

Pedi ni mchanganyiko wa vitu vingi vilivyoshikwa pamoja na gundi. Zikipata joto kali mara ya kwanza, hiyo gundi hutoa gesi. Gesi inakaa katikati ya pedi na diski, na wewe unabaki unakanyaga hewa. Hiyo ndiyo ilinipata. Ni tofauti na mafuta ya breki kuchemka. Yakichemka, kanyagio hulegea na linaweza kwenda mpaka chini.

Kitu cha pili: breki za aina hii hushika vizuri pedi ikishaacha utando mwembamba wake juu ya diski, sawasawa pande zote. Ukikaa kwa mabaka, usukani utaanza kutetemeka ukifunga breki. Utaambiwa diski imepinda, utanunua nyingine, na mara nyingi shida ilikuwa ni hayo mabaka tu.

Kwa hivyo breki mpya huzoeshwa. Kwanza osha diski, kwa sababu huja zimepakwa mafuta ya kuzuia kutu. Endesha polepole zipate joto kidogo. Halafu panda mpaka kama 100 kwa saa, kanyaga breki kwa nguvu lakini ABS isiamke, shuka mpaka kama 20, achilia, panda tena. Fanya hivyo mara nane au kumi. Usisimame kabisa, kwa sababu pedi moto ikikaa pahali pamoja inaacha alama kwa diski. Utasikia harufu, na pengine breki zitapungua nguvu kidogo. Hiyo ni kawaida. Baada ya hapo endelea kuendesha dakika kadhaa bila kugusa breki sana, upepo uzipoze. Ukipaki, usivute handbreki, weka jiwe kwa gurudumu. Ziache zipoe kabisa ndio uanze kukimbia.

Pedi za mbio zingine hutaka joto zaidi ya hilo, kwa hivyo maagizo ya aliyezitengeneza ndiyo ya mwisho, si yangu.

Na tafadhali, usiende kufanya hii Thika Road usiku. Nyuma yako kuna mat imekukalia kwa bampa, na mbele kuna mtu anavuka. Fanya palepale uwanjani, raundi zako za kwanza, ukiwa umewaambia wasimamizi, na hakuna mtu amekufuata karibu.

Najua kuna mtu atasema, "Mimi niliweka pedi kwa Vitz yangu, sikufanya hayo yote, na niko hai." Kweli kabisa. Kwa mwendo wa job na supermarket, breki nyingi zitajizoea polepole. Lakini ukiongeza mwendo mara mbili, breki zinabeba nguvu mara nne. Uwanjani hakuna jam ya kukuokoa.

Lawama nyingi zinatuangukia sisi wa content. Tunapost sauti ya injini, tunapost moshi, tunapost namba kwa dashibodi. Hakuna anayepost dakika ishirini za kuzoesha breki, kwa sababu hazina likes. Halafu kijana wa miaka 19 anakopa gari ya mzee wake, anakuja kufanya alichoona kwetu. Hata kwa ukaguzi, kabla hatujaingia, wanaangalia helmeti na mikanda. Swali moja tu liongezwe: breki zako ni mpya, na umezizoesha? Halina gharama yoyote.

Ndugu yangu bado huja kunirekodi. Sasa husimama mbali, na kabla sijafunga helmeti huniuliza, "Umezizoesha?" Mara ya mwisho nilikuwa na pedi mpya na tumechelewa, nikamwambia bado. Akachukua funguo, akaketi juu ya boneti. Nilikasirika kama dakika tano hivi, nikijua yuko sawa.

Wewe je, nani anakuuliza?