Kabla Sanduku la Bibi Halijakwenda Jaani

Najua wengine mko kwenye mitihani na wengine mko kwenye boksi, kwa hiyo sitawachosha. Leo nataka kuzungumzia vitabu, ila sio vile vya orodha ya mwalimu. Nazungumzia zile riwaya nyembamba za mfukoni na majarida ya hadithi za picha, vile ambavyo utotoni tuliambiwa ni vya wahuni.

Mimi navikusanya, tena kwa ajili ya majalada yake. Jirani yangu bwenini, Mkenya mmoja, hunicheka kila bahasha ikifika: eti nanunua embe nile ganda. Sawa, acha nieleze.

Kiangazi kilichopita nilikwenda kwa bibi Al Hamra, kule Dakhiliya chini ya Jabal Shams. Waliofika wanaijua. Mji wa kale ni nyumba za udongo zimepandana mlimani, nyingi tupu, maana wenyewe wamehamia nyumba za saruji. Bibi kazaliwa Unguja. Familia ilirudi Oman baada ya Sultani Qaboos kushika nchi mwaka 1970 na kuwaita Waomani waliokuwa nje. Wakaja na masanduku yao, na baadhi yakabaki nyumba ya zamani walipohama tena.

Nilimkuta ami anasafisha. Gari moja la takataka lilikuwa limeshaondoka. Limebaki sanduku la bati, ndani vitabu thelathini na kidogo, kila kimoja kimevikwa gazeti la Kiarabu. Nikadhani ni vya shule. Tukafungua cha kwanza, jamani, rangi! Nyekundu kama imepakwa jana. Kulikuwa na Bwana Msa, kulikuwa na Simu ya Kifo ya Katalambulla, kulikuwa na Musiba. Na vingine, mabibi wenye gauni fupi na wanaume wenye bastola. Bibi akaziba mdomo kwa kanga. Kumbe yeye ndiye aliyevivika. Vilikuwa vya marehemu mdogo wake.

"Sasa mwanangu, ningeviacha vipi wazi na wageni wanaingia?"

Haya ya bibi ndiyo iliyookoa rangi, kwa sababu mwanga haukugusa. (Gazeti lenyewe si dawa, lina asidi na limeacha madoa ya manjano pembeni. Lakini jua lingefanya vibaya zaidi.)

Sasa hoja yangu. Watu husema kilicho muhimu ni hadithi, jalada ni pambo. Kwa vitabu vyetu mimi naona ni kinyume. Hadithi ina pa kukimbilia. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyoshinda shindano la East African Literature Bureau la 1957/58 na kutoka 1960, imechapwa upya na leo mwanafunzi anaweza kuisoma. Jalada halina bahati hiyo. Kila toleo jipya linaleta sura mpya, na ile ya kwanza inabaki kwa yule tu aliyeweka nakala yake. Hata maktaba haikusaidii. Nenda ya chuo chako, omba riwaya ya Kiswahili ya zamani. Hapa nilipo niliomba, nikaletewa kitu kigumu cha buluu chenye namba mgongoni. Jalada la karatasi limeondolewa wakati wa kujalidi. Maneno yote yamo, uso hakuna.

Na nani alichora? Katika vile vya bibi nilitafuta jina la mchoraji ukurasa kwa ukurasa. Vingi havina. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, Bureau ikafa, kazi zake kule Kenya zikaja kurithiwa na Kenya Literature Bureau. Waliokaa kwenye ofisi zile na kumjua fulani aliyeshika brashi ni wazee sasa. Hawatungoji tumalize digrii.

Wenzetu nao walichelewa. Kule Marekani, Margaret Brundage alichora majalada ya jarida la Weird Tales miaka ya 1930 kwa chaki za rangi, kazi inayofutika ukiigusa vibaya. Majarida yale yalikuwa ya senti chache, ya kusoma na kutupa. Leo watu wanayagombania mnadani. Sisi tumefungia karanga na maandazi. Halafu tukisikia mzungu kanunua mzigo mzima kwa muuza vitabu wa chini, tunapiga kelele kwamba tumeibiwa! Mimi simlaumu. Alilipa bei aliyoambiwa.

Kuna ndugu ataniuliza: mapicha yale ya uchi-uchi na bastola, ya nini kuyatunza? Tanzania yenyewe ilipiga marufuku vitabu vya David Maillu mwaka 1976. Mimi sisemi uyatundike barazani. Lakini ukitaka kujua kijana wa Dar wa 1975 alitamani kiatu gani, nywele gani, gari gani, na alimwogopa mwanamke wa namna gani, jalada litakwambia haraka kuliko hotuba za wakubwa.

Kwa hiyo ukienda likizo, uliza. Piga picha mbele, nyuma, mgongoni, na ule ukurasa wenye mwaka. Usibandike selotepu. Muulize mzee alinunua wapi na kwa shilingi ngapi. Kitabu mwachie mwenyewe, usije ukajifanya mtafiti. Mimi nilipewa vinne tu. Bwana Msa bibi hakumtoa, na usiku ule ule alimvika gazeti jipya.

Kitu kimoja bado kinaniuma. Kwa miaka nimetafuta African Film, yale majarida ya picha ya Lance Spearman yaliyosomwa Afrika nzima mwishoni mwa miaka ya 60, na sijapata hata nakala moja. Nilimuuliza ami lile gari la kwanza lilibeba nini. Akasema sanduku jingine, majarida, picha tupu. Picha za nini, ami? Akafikiri. Anakumbuka bwana mmoja mweusi, kavaa kofia na tai ya kipepeo.