Mlio wa Chombo na Majira ya Udongo

Huko Ruaha, katika Wilaya ya Kilosa, mwezi wa Julai una dalili mbili. Ya kwanza ni magari ya miwa yanayokwenda kiwandani mchana na usiku. Ya pili ni vijana wageni, wawili au watatu, wapitao kandokando ya mashamba yaliyokwisha kuvunwa wakipunga juu ya ardhi fimbo yenye duara mwishoni, na mmoja wao amevaa vipokea sauti masikioni. Mwezi wa Aprili huwaoni, kwa kuwa njia hazipitiki na majani yamefika kifuani. Wanachokipunga ni chombo cha kugundulia metali. Wanachokitafuta, ukiwauliza kwa upole, ni mali iliyofichwa na Mjerumani.

Siwacheki. Bonde la Mkondoa lilikuwa njia ya misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa kabla ya ukoloni, na masango, yaani waya za shaba, yalikuwa mojawapo ya fedha za njia hiyo. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907, ikapita Kilosa na kufika Tabora mwaka 1912. Pamoja nayo zilienea sarafu ndogo za heller, zilizoanza kutolewa mwaka 1904 rupia ilipogawanywa katika sehemu 100. Nasi hadi leo twaita fedha zetu hela bila kukumbuka asili ya neno. Agosti 1916 Kilosa ilitekwa na majeshi ya upande wa Uingereza, na Wajerumani wakarudi nyuma kuelekea Kidodi, mto Ruaha Mkuu na Mahenge. Mwaka huohuo, katika eneo la Tabora, zilipigwa sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye sura ya tembo. Zilikuwa 16,198 tu, na dhahabu yake ilitoka Sekenke. Kwa hiyo asemaye kwamba ardhi yetu ina metali ya kale hasemi uongo. Kosa linaanza pale anapodhani kwamba chombo kikilia, basi kimeiona.

Miaka michache iliyopita, katika kiwanja cha jamaa yangu huko Ruaha, chombo cha namna hiyo kililia chini ya mkuyu. Mzee mwenye kiwanja alilipia huduma hiyo kwa fedha alizokuwa ameziweka kwa ajili ya mabati. Vijana walichimba hadi shimo likamfika mtu mabegani, kisha wakaondoka usiku. Nilipofika nilikuta rundo la udongo mwekundu ulioungua, vipande vya mabomba ya udongo wa kufinyangwa, na mawe meusi, mazito, yenye matundu. Nilinyamaza kwa muda. Mawe yale yalikuwa mavi ya chuma, yaani takataka zibakizo chuma kinapoyeyushwa, na mabomba yale ndiyo yaliyopitisha upepo wa mivukuto. Pale palikuwa na tanuri la wahunzi. Huko Dakawa, katika mkoa huuhuu wa Morogoro, wataalamu wa mambo ya kale walichimba mahali pa namna hiyo kwa subira na kupata habari za wahunzi walioishi zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Makaa ya tanuri la jamaa yangu yangeweza kupimwa kwa kaboni 14 na kutuambia umri wake. Sasa ya juu yamechanganyika na ya chini, na hakuna awezaye kuyapanga tena. Mvua za vuli zilipokuja shimo lilijaa maji na mbuzi wawili wakafia humo. Ndugu zangu walilalamikia mbuzi, mimi nikalalamikia tanuri, na nadhani sote tulikuwa na haki.

Jambo la kuangalia ni kwamba chombo hakikudanganya. Aliyedanganya ni mfasiri wake.

Yafaa tukumbuke kinavyofanya kazi. Ndani ya lile duara mna koili ya waya, na humo hupitishwa mkondo wa umeme unaogeuka upande mara elfu kadhaa kwa sekunde. Mkondo huo huleta uga wa sumaku unaopanda na kushuka. Uga ukikutana na kipande cha metali huamsha ndani yake mikondo midogo inayozunguka, kwa kanuni ileile aliyoigundua Faraday mwaka 1831 na ambayo kila mwanafunzi wa sekondari asomaye fizikia amepata kuiandika katika mtihani. Mikondo hiyo nayo hutoa uga wake dhaifu, na huo ndio chombo hukisikia. Mwaka 1881 Alexander Graham Bell alitumia kifaa cha kanuni hii kutafuta risasi iliyokuwa mwilini mwa Rais Garfield wa Marekani. Hakuipata, na miongoni mwa sababu zinazotajwa ni springi za chuma za kitanda alicholalia mgonjwa. Basi, kwa zaidi ya karne moja tumejua kwamba chombo hiki husikia kila kitu kinachopitisha umeme au kinachovutwa na sumaku: springi, kifuniko cha soda, na udongo wenyewe. Udongo nao haukai katika hali moja mwaka mzima.

Nilipokuwa nikisoma Uingereza nilikuwa na jirani mstaafu ambaye hakuwa na starehe nyingine ila hiyo. Kwake mwaka ulianza baada ya mavuno, mashamba yanapolimwa na kubaki matupu. Novemba alikuwa mtu wa furaha. Januari, baridi kali ilipougandisha udongo, jembe liligonga juu kama linagonga saruji, na betri zilimwishia mapema, kwa kuwa mmenyuko wa kikemia ndani ya betri hupungua kasi kwenye baridi. Katika nchi za kaskazini zaidi theluji hufunika ardhi kwa miezi, na watu wa starehe hii huning'iniza vyombo vyao ukutani. Jirani yangu alisadiki pia, kama wengi wa wenzake, kwamba udongo uliolowa husikika vizuri kuliko mkavu. Maji matupu hayapitishi umeme vizuri, lakini maji ya udongoni yana chumvi zilizoyeyuka. Tena chuma kikikaa katika unyevu hupata kutu, na kutu hiyo huenea katika udongo unaokizunguka, hata msumari ukaweza kujifanya mkubwa kuliko ulivyo.

Nayasimulia haya kwa sababu vijitabu vinavyokuja ndani ya maboksi ya vyombo hivi viliandikwa kwa ajili ya jirani yangu, wala si kwa ajili ya Kilosa. Sisi hatuna theluji. Kipupwe chetu, Juni hadi Agosti, ni kikavu. Kilosa iko mahali ambapo mvua za pwani za vuli na masika zinakutana na mvua za bara za msimu mmoja, na aina za udongo wake hazifanani hata ndani ya tarafa moja. Anayekifuata kijitabu kile neno kwa neno anasoma kalenda ya nchi nyingine.

Tuanze na mbuga za Mkata, ambako udongo ni mfinyanzi mweusi. Masika huvimba na kunata, ukavua viatu vya mpita njia. Kiangazi hunywea na kupasuka nyufa ambazo mkono wa mtu mzima huzama hadi kiwiko. Sarafu iliyoangushwa juu yake mwaka 1910 ingeweza kutumbukia ufani mwezi wa Oktoba, kisha ufa ukafungwa na mvua. Mwaka baada ya mwaka udongo huu hujipindua wenyewe polepole, ukishusha vitu na kupandisha vingine. Kwa hiyo kanuni ambayo wachimbaji huiamini mno, kwamba kilicho chini zaidi ni cha zamani zaidi, hapa haifai kitu. (Wanaojenga nyumba Mkata wanalijua jambo hili kwa nyufa za kuta zao, bila kuhitaji fizikia yangu.)

Udongo mwekundu wa miinuko una hila nyingine. Rangi yake ni ya oksidi za chuma, na baadhi ya oksidi hizo, hasa magnetaiti na maghemaiti, huitika kwa sumaku. Chombo kisichorekebishwa hulia juu yake kila hatua, iwe masika au kipupwe. Hapa ndipo moto unapoingia. Udongo ukipata joto kali pamoja na majani na mizizi, sehemu ya oksidi zisizo na nguvu ya sumaku hugeuka kuwa zile zenye nguvu. Jambo hilo hutokea sana chini ya tanuri, kwa kiasi fulani chini ya jiko la mafiga, na kidogokidogo katika tabaka la juu la shamba linalochomwa kila mwaka kabla ya mvua. Mchunguzi wa mambo ya kale hulitumia kama neema, maana huweza kuchora ramani ya matanuri kwa vipima sumaku bila kuinua jembe. Mtafuta hazina asiye na elimu hiyo husikia mlio uleule na kuchimba. Ndivyo ulivyochimbwa mkuyu wa jamaa yangu.

Kuhusu mchanga wa mito sina mengi. Mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliikata reli kati ya Kilosa na Gulwe na kuwaacha maelfu ya watu bila makazi. Mto uwezao kuhamisha reli hauwezi kushindwa kuhamisha sarafu, wala risasi ya mwaka 1916. Kipande cha silaha ya vita kikilala mchangani hulia kama dhahabu, na mwanafunzi hapaswi kukigusa hata kama kinaonekana kimeoza. Aite polisi.

Jirani zetu wa Msumbiji walijifunza kwa uchungu jinsi udongo wa namna hii unavyomchosha mtega mabomu, ambaye ni lazima asimame kwa kila mlio na kufukua kwa vidole. Miongoni mwa majibu ya tatizo hilo limo moja lililolelewa Morogoro, si mbali na Kilosa: panya buku, ambao tangu mwaka 2000 wamekuwa wakifunzwa katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kunusa baruti na kupuuza metali kabisa. Msumbiji ilitangazwa mwaka 2015 kuwa haina tena maeneo ya mabomu ya ardhini yanayojulikana. Panya hao hufanya kazi asubuhi na mapema, kwa maana jua la mchana huwaelemea. Hata wao wana majira yao.

Wapo wenzangu wanaotaka vyombo hivi vipigwe marufuku. Sikubaliani nao. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, inakwisha kuvilinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, inakataza kuvichimbua bila leseni, na inamtaka anayevikuta atoe taarifa. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi si mahali pa kuchimba mtu yeyote. Kinachokosekana ni watu wanaoelewa kwa nini sheria hizo zipo. Novemba 1992, katika kijiji cha Hoxne huko Uingereza, mtu mmoja alikwenda shambani na chombo chake kutafuta nyundo ya rafiki yake iliyopotea, akaanza kufukua fedha na dhahabu ya zama za Warumi. Aliacha kuchimba, akatoa taarifa. Wataalamu walipofika walikuta sanduku katika mpangilio wake, na ndani yake sarafu zaidi ya 14,000. Nyundo nayo ilipatikana. Mtu yule hakuwa msomi; alijua tu wakati wa kusimama, na alijua kwamba serikali ingemlipa kwa haki. Hilo la pili nalo tulifikirie, maana mwanakijiji wa Ruaha anayetoa taarifa leo hana hakika kama atapata hata asante.

Pendekezo langu ni kwamba chombo hiki kiingie katika maabara ya shule kabla hakijaingia katika kiwanja cha mzee mwingine. Si lazima kinunuliwe. Saketi mbili ndogo za transista, kila moja ikitetema kama mara 100,000 kwa sekunde, zinatosha. Moja iwe na koili ya upana wa kifuniko cha sufuria; nyingine ibaki ndani ya kasha. Ya kwanza ikitetema mara 100,000 na ya pili mara 100,400, sikio litasikia tofauti, yaani mlio wa mitetemo 400. Kipande cha shaba kitaongeza mitetemo ya koili, udongo mwekundu utaipunguza. Majani yenye umande nayo yatauyumbisha mlio, kwa sababu koili na ardhi iliyolowa huwa kama bamba mbili za kapasita. Wanafunzi waivishe koili karatasi ya alumini, wakiacha pengo ili duara la alumini lisifunge, na waone tofauti. Somo hilo moja lina thamani kuliko vijitabu vyote vya ndani ya maboksi.

Kisha shule ya Kilosa, ya Mikumi na ya Ruaha zizike vipande vya shaba na vya chuma katika uwanja wao wenyewe, kwa kina cha sentimita 5, 10 na 20, na kuvisikiliza kila mwezi kwa mwaka mzima, zikiandika mvua iliyonyesha, joto la udongo na nguvu ya mlio. Kila kipande kifungwe uzi wa nailoni wenye alama mahali unapotokeza juu ya ardhi, ili ijulikane kama kimeshuka. Walio karibu na Mkata waanze mwezi wa Septemba, kabla nyufa hazijafungwa na vuli.