Baba Naye Aende Kliniki

Wengi huona aibu kutaja magonjwa ya ukeni. Lakini aibu haitibu.

Mama mjamzito hutokwa na ute mweupe usio na harufu mbaya. Hiyo ni kawaida. Akiwashwa, au akitokwa na uchafu wa njano, wa kijani, au wenye harufu kama ya samaki, huenda ni ugonjwa. Asijioshe ndani kwa sabuni wala majani. Aende zahanati, maana dawa ipo. Baadhi ya magonjwa hayo yakiachwa, mtoto aweza kuzaliwa kabla ya wakati.

Mama mwenye virusi vya UKIMWI awahi zaidi. Kinga ya mwili ikipungua, fangasi humrudia mara kwa mara. Tena magonjwa ya ukeni yaweza kuongeza virusi katika njia anayopita mtoto. Tangu 2013 Tanzania ilianza kuwapa wajawazito wote wenye virusi dawa za kumeza maisha yote. Dawa hizo humlinda mama na mtoto. Asiziache.

Wazee wengine husema kliniki ni mambo ya wanawake. Mimi sikubali. Ugonjwa uitwao trikomona huambukizwa kwa kujamiiana. Mama akitibiwa peke yake, baba humwambukiza tena. Baba mara nyingi hasikii maumivu, hujiona mzima.

Kati ya 2002 na 2004, wajawazito 2,654 walipimwa katika kliniki mbili za Moshi, hapa hapa mkoani kwetu Kilimanjaro. Karibu mmoja katika kila watano alikuwa na ugonjwa wa uchafu wenye harufu. Waume waliokuja kupima virusi walikuwa 332 tu!

Baba wa Mamba Miamba huteremsha tangawizi yake mpaka sokoni. Haoni mlima. Je, kumsindikiza mkewe zahanati ndiko kuzito?

Baba, usimshitaki mkeo kwa uzinzi. Si kila ugonjwa wa ukeni hutokana na zinaa. Fangasi humpata hata mwaminifu. Na akikutwa na virusi, kumfukuza hakukuponyi wewe. Kapime nawe. Mama anayeogopa kufukuzwa huficha dawa, na anayeficha dawa huacha kuzimeza. Hapo anayeumia ni mtoto wenu.

Mimba ni ya wawili. Siku ya kliniki nayo iwe ya wawili.