Anayekimbia na Anayemfukuza



Katika vibanda vya video vya Musoma na Bunda iko kanuni moja ambayo hata mtoto wa darasa la pili anaifahamu: steringi hafi. Apigwe, afungwe minyororo, atupwe mtoni, afukuzwe kwa helikopta, mtazamaji hana wasiwasi naye. Amekwisha kujua tangu mwanzo nani ni mwema na nani ni adui, na kilichobaki ni kusubiri mwema ashinde. Juma hili tunapenda kutafakari pamoja nanyi juu ya filamu moja ya namna hiyo, iitwayo The Fugitive, iliyotolewa Marekani mwaka 1993 chini ya uongozi wa Andrew Davis. Umri wake umepita miaka thelathini, lakini swali lililomo ndani yake ni la leo, na ni letu.

Kwa wale ambao hawakuitazama, kisa chenyewe ni hiki. Richard Kimble, daktari bingwa wa upasuaji katika mji wa Chicago, anarudi nyumbani usiku na kumkuta mkewe ameshambuliwa. Anapambana na mtu mwenye mkono wa bandia, mtu huyo anatoroka, na mke anafariki. Polisi hawamwamini daktari. Anashtakiwa kwa kumwua mkewe na kuhukumiwa adhabu ya kifo. Basi linalomsafirisha kwenda gerezani linapata ajali na kugongwa na treni, naye anakimbia. Anayepewa kazi ya kumsaka ni afisa mmoja wa serikali aitwaye Samuel Gerard, mtu mwenye akili kali asiye na mchezo. Aliyeigiza nafasi ya daktari ni Harrison Ford. Aliyeigiza nafasi ya afisa ni Tommy Lee Jones, na ni huyu wa pili aliyepata tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo. Kwa maoni yetu tuzo ilikwenda mahali pake, na sababu tutaieleza mbele.

Kwanza tujiulize: kwa nini sisi watazamaji tunamshangilia Kimble? Tunamshangilia kwa sababu tumeoneshwa. Kamera imetuingiza ndani ya nyumba ile, tumemwona mwenye mkono wa bandia kwa macho yetu. Mahakama haikuoneshwa. Mahakama ilichokuwa nacho ni simu ya marehemu akiomba msaada huku akilitaja jina la mumewe, ngozi ya mume chini ya kucha za mke, na fedha za bima ambazo mume angezipata. Angalieni, ndugu zetu, kwamba ushahidi huo haukuwa wa kutungwa. Simu ilipigwa kweli. Ngozi ilikuwa yake kweli. Kilichokosewa ni maana ya vitu hivyo.

Jambo hili si geni kwa wasomaji wa Maandiko Matakatifu. Yosefu, mwana wa Yakobo, alifungwa gerezani kule Misri kwa ushahidi wa vazi lake mwenyewe, alilolikimbia akaliacha mikononi mwa mke wa Potifa. Vazi lilikuwa lake; hakuna aliyeweza kulikana. Uongo ulikuwa katika maelezo ya namna lilivyofika pale. Ndiyo maana ushahidi unaonekana kwa macho, lakini haki haionekani mpaka mtu auulize ushahidi ule maswali.

Msidhani kwamba hayo ni ya filamu na ya zama za kale tu. Mwaka 1954 daktari mmoja wa jimbo la Ohio, Sam Sheppard, alipatikana na hatia ya kumwua mkewe baada ya magazeti kumhukumu kwa vichwa vikubwa vya habari kabla mahakama haijatamka neno. Alikaa gerezani karibu miaka kumi. Mwaka 1966 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba hakutendewa haki kwa sababu ya kelele hizo, na kesi iliposikilizwa upya mwaka huohuo akaachiwa huru. Watu wengi wameihusisha hadithi ya Kimble na kisa chake, ingawa mtunzi wa mchezo wa televisheni wa mwaka 1963 uliozaa filamu hii alikana kwamba alimchukua yeye kuwa mfano.

Karibu nasi zaidi, ng'ambo ya ziwa letu, yuko Edward Edmary Mpagi wa Uganda. Mwaka 1982 alihukumiwa kunyongwa, yeye na binamu yake, kwa kosa la kumwua mtu ambaye baadaye ilibainika kuwa yu hai. Aliyedaiwa kufa alikuwa anatembea na kupumua, na waliodaiwa kumwua walikuwa Luzira wakisubiri kitanzi. Binamu alifia gerezani mwaka 1985. Mpagi aliachiwa kwa msamaha mwaka 2000, baada ya miaka zaidi ya kumi na minane, na tangu hapo akawa mtetezi wa kufutwa kwa adhabu ya kifo. Tutafakari hilo: kama hukumu ile ingetekelezwa upesi, kama wengi wanavyotaka hukumu zitekelezwe, nani leo angejua?

Na hapa kwetu Tanzania hatuna haja ya kwenda mbali. Januari 2006 wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge, mkoani Morogoro, pamoja na dereva wa teksi wa Dar es Salaam, waliuawa wakiwa mikononi mwa polisi. Umma ukatangaziwa kwamba walikuwa majambazi na kwamba walikufa katika mapambano ya risasi. Taifa lilikuwa limechoshwa na ujambazi, na tangazo kama hilo lilipokewa na wengi kwa kushusha pumzi. Ndugu wa marehemu walikataa kunyamaza. Rais Kikwete aliunda tume chini ya Jaji Mussa Kipenka, na tume ikaona kwamba watu wale hawakuwa majambazi na mapambano hayakuwapo. Mwaka 2009 Mahakama Kuu iliwaachia huru askari wote walioshtakiwa. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ikamtia hatiani afisa mmoja. Tazameni tofauti ya mwendo: jina la jambazi lilipatikana kwa siku moja, na safari ya kulitafutia haki ilichukua miaka kumi.

Sasa turudi mitaani kwetu. Tunaijua sauti ile inayopasua soko ghafla: "Mwizi! Mwizi huyo!" Tunajua pia kinachofuata. Anayeuza dagaa anaacha dagaa, bodaboda anageuza pikipiki, mwanafunzi anaokota jiwe. Katika dakika mbili watu hamsini wanamfukuza mtu mmoja, na ukimshika mkono mmoja wao ukamwuliza ameiba nini, ameiba wapi, nani amemwona, atakujibu kwamba yeye amekuta watu wanakimbia. Huko vijijini kelele huwa ni za ng'ombe, na nyayo za mifugo hufuatwa mpaka zinapoishia. Ole wake mwenye boma lililo karibu na mahali nyayo zilipopotelea.

Mtu huyo akimbilie wapi? Akishika barabara ya Bunda, simu imemtangulia stendi. Akielekea Makutano ili apite Butiama au avuke Sirari, kila kijana wa kijiwe ameshapewa rangi ya shati lake. Akitumbukia ziwani kuelekea Rukuba, mitumbwi iko mingi kuliko mikono yake. Kimble aliweza kujificha katika mji mkubwa, akapaka nywele rangi, akaenda hospitali usiku kuchunguza orodha za watu wenye mikono ya bandia. Wetu hana nafasi hiyo. Wetu hapewi hata nafasi ya kusema jina lake na la kijiji chake. Wala hakuna kamera iliyotuonesha dakika kumi za mwanzo. Sisi tunaingia kwenye filamu katikati, mtu anakimbia, na tunadhani kukimbia kwake ndiko ushahidi. Lakini mwenye hatia hukimbia, na asiye na hatia akiona mawe hukimbia vilevile.

Iko methali tunayopenda kuitumia katika mambo haya: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Tunaheshimu hekima ya wazee, lakini methali hii ikitumika kumhukumu mtu ni hatari. Maana yake inakuwa kwamba kusingiziwa ni nusu ya kutenda. Kwa kipimo hicho Yosefu alikuwa na hatia. Kwa kipimo hicho Susana, tunayemsoma katika kitabu cha Danieli, alistahili kupigwa mawe, kwa sababu waliomshtaki walikuwa wazee wawili tena waamuzi, na mkutano wote uliwaamini. Kilichomwokoa si muujiza wa moto kutoka mbinguni. Ni kijana mmoja aliyewatenganisha mashahidi na kumwuliza kila mmoja peke yake swali dogo: chini ya mti gani? Majibu hayakulingana, na uongo ukaanguka.

Tunawasikia wanaotupinga, na hoja yao si ya kupuuzwa. Wanasema: mwizi tunampeleka kituoni Jumatatu, Ijumaa tunakutana naye sokoni anatucheka. Kesi zinaahirishwa mpaka shahidi anachoka nauli. Aliyeibiwa ng'ombe wanne ameibiwa ada za watoto na mahari ya kijana wake. Yote hayo ni kweli na yanauma. Lakini tuseme ukweli mwingine pia: mawe hayajamrudishia mtu ng'ombe wake. Na panapokuwa na desturi ya kuua kwa kelele, mwenye kinyongo hahitaji tena kumloga jirani wala kumpeleka baraza la kata. Atapiga ukunga mmoja tu, na sisi tutamfanyia kazi yake bila malipo. Katika filamu, aliyempangia Kimble mabaya hakuwa adui wa mbali bali rafiki na daktari mwenzake, aliyekuwa anaficha ukweli juu ya dawa mpya inayoharibu maini ya wagonjwa. Kikulacho ki nguoni mwako. Wenye hila daima hutafuta watu wepesi wa kukasirika wawafanyie kazi.

Katiba ya nchi yetu, katika ibara ya 13, inakataza mtu aliyeshtakiwa kwa kosa la jinai kutendewa kama mkosaji kabla hatia haijathibitishwa. Na sisi wa Mara tunao mfano wetu wa nyumbani. Mwaka 1958 mwana wa Butiama, Julius Nyerere, alishtakiwa na serikali ya kikoloni kwa maneno aliyoyaandika dhidi ya watumishi wake. Alisimama kizimbani, akatetewa na wakili, akaonekana ana hatia, akachagua kulipa faini kuliko kwenda jela miezi sita. Mtu aweza kubishana na hukumu ile. Ila baada yake mshtakiwa alirudi kwa watu wake akiwa mzima, na miaka mitatu baadaye nchi ikapata uhuru. Hukumu ya mahakama huweza kukatiwa rufaa. Hukumu ya soko haina rufaa.

Sasa tumrudie yule afisa, Gerard, maana kwetu sisi yeye ndiye kiini cha filamu. Mapema katika kisa anamkuta Kimble kwenye handaki la maji juu ya bwawa. Kimble anamwambia kwamba hakumwua mkewe, na Gerard anamjibu kwamba hilo halimhusu. Ni jibu baridi, na ndilo jibu la kila anayefukuza kwa sababu ametumwa, au kwa sababu amekuta wengine wanafukuza. Lakini Gerard anaendelea kutazama. Anaona kwamba mtu anayemsaka amehatarisha maisha yake hospitalini ili kumwokoa mtoto aliyepewa maelekezo yasiyo sahihi ya matibabu. Anajiuliza: mwuaji afanye hivi kwa nini? Anaanza kufuata nyayo zilezile anazozifuata Kimble. Hakuacha kumfukuza hata siku moja. Ila sasa anamfukuza huku anauliza. Mwishoni ni yeye anayemfungua pingu.

Hilo ndilo tunalotaka kulisema. Jamii haiwezi kuishi bila wafukuzaji. Wezi wapo, wauaji wapo, na anayewaonea huruma kuliko waliowadhulumu hajatenda haki. Tunachohitaji ni wafukuzaji wanaouliza. Sheria ya Musa iliweka miji sita ya makimbilio, ili aliyetuhumiwa kumwaga damu akimbilie humo asiuawe na mlipiza kisasi kabla ya kusimama mbele ya mkutano. Miji ile haikuwa maficho ya wahalifu. Aliyethibitika kuua kwa kukusudia alitolewa. Ilikuwa ni muda tu, muda wa kuuliza chini ya mti gani.

Muda huo twaweza kuutoa hata sisi. Ofisi ya mtendaji wa kijiji yaweza kuwa mji wa makimbilio kwa saa moja. Duka lenye mlango wa chuma laweza. Nyumba ya mapadre yaweza. Sauti ikipigwa sokoni, mmoja wetu mwenye mvi au mwenye kuheshimiwa asimame katikati na kuuliza kwa nguvu: ameiba nini, cha nani, nani amemwona? Mwingine apige namba 112. Mwingine aandike majina ya mashahidi, wanaojua kweli watajiandikisha, na waliofuata mkumbo watapungua mmoja mmoja, kama walivyopungua wale waliomleta mwanamke mbele ya Bwana wakiwa na mawe. Kijana mwenye simu ya kupiga picha naye aitumie kuita msaada.

Kwa hiyo watakapokuja vijana wetu kutusimulia kwamba steringi hafi, tuwaambie kwamba hiyo ni kanuni ya kibandani. Barabarani hakuna aliyeandikwa usoni kuwa steringi wala adui, na mtu asiye na hatia hufa kama mwingine yeyote. Ataishi tu ikiwa miongoni mwa wanaomkimbiza yupo mmoja atakayesimama na kuuliza. Mmoja huyo awe wewe.