Mahojiano ya waganga-watafiti yaletwe nyumbani

Panda, Likasi. Mwezi uliopita dada mmoja wa mtaani kwetu aliniomba kitu kidogo: kiti kimoja, mlango unaofungwa na umeme wa saa moja. Anasoma uganga, yuko mwaka wa mwisho. Chuo kimoja cha ng'ambo kilikuwa kimemuita kwa mahojiano ya video, ili akichaguliwa aendelee na masomo yanayounganisha uganga na utafiti. Kwao umeme unakuja na kwenda unavyotaka, na radio yetu iko na grupu. Nikamfungulia chumba tunachotumia kusomea matangazo ya vifo.

Nilikaa nje ya mlango, nikasikia yote. Upande wa pili walikuwa watu wane. Mmoja alimuuliza ameshatumia mashine gani za maabara, akataja majina ambayo mimi sikuyashika. Dada alijibu ukweli: darubini, na mashine ya kuhesabu damu ambayo ilikuwa imeharibika karibu nusu ya staji yake. Kimya kikapita. Mwingine akauliza kwa nini karatasi zake zinasema yuko doctorat ya 4 na papo hapo anaomba kuanza doctorat. Alipoanza kueleza, grupu likaishiwa mafuta. Kosa hilo ni letu, na nimekwisha kumuomba msamaha. Tulipowasha tena, dakika 11 zilikuwa zimepita na wale watu walikuwa wanaongea na mwingine. Wiki mbili baadaye barua ikaja: maombi yalikuwa mengi, wanamtakia mafanikio.

Ndugu wasomaji, siandiki ili kulaumu chuo hicho. Wana pesa yao, wana haki ya kuchagua. Ninaandika kuuliza swali lingine: kwa nini mtoto wa Panda anayetaka kuwa muganga na mtafiti hana fasi hata moja ya kuhojiwa hapa Katanga, na watu wanaojua ugonjwa wa Katanga? Ninasema wazi: mpaka tutakapoyaleta mahojiano hayo nyumbani, tutaendelea kuchaguliwa kwa vitu ambavyo hatuna, na kuachwa na vile ambavyo tunavyo.

Kwanza tuelewane ni masomo gani. Muganga wa kawaida anajifunza kutibu. Mtafiti anajifunza kutafuta jibu ambalo bado haliko katika kitabu. Kuna nchi ambazo zimeona kwamba zinahitaji watu wenye vyote viwili kichwani, zikatengeneza njia moja kwa wote wawili. Marekani, tangu 1964, Serikali inalipia programu za namna hiyo: mwanafunzi anasoma karibu miaka 8, halipi ada, tena anapewa pesa ya kuishi, na anatoka na diploma mbili. Lakini pesa hiyo ya Serikali yao ni kwa raia wao na wenye ruhusa ya kukaa kwao daima. Katika bara letu, Chuo Kikuu cha Cape Town kina njia yake ya kuunganisha. Sisi tunaunganisha kwa miguu: unamaliza uganga, unafanya kazi, unaoa au unaolewa, unatafuta burse kwa miaka, na ukibahatika unaanza utafiti nywele zikiwa zimeanza kuwa nyeupe.

Munadhani ninatia chumvi? Daktari Denis Mukwege wa Panzi, Bukavu, alizaliwa 1955. Alipasua na kushona wanawake maelfu, dunia nzima ikamjua. Doctorat yake ya utafiti, juu ya majeraha yale yale aliyokuwa anayatibu, aliipata Bruxelles mwaka 2015. Alikuwa na miaka 60. Miaka mitatu baadaye akapewa tuzo ya Nobel ya amani. Ikiwa mtu kama huyo alifika kwenye utafiti akiwa na umri wa babu, dada yetu wa Panda atafika lini?

Sasa tazameni mfano wa pili. Profesa Jean-Jacques Muyembe alimaliza uganga Lovanium, Kinshasa, 1969, na 1973 alikuwa amekwisha pata doctorat ya utafiti wa virusi Leuven, Ubelgiji. Akarudi. Mwaka 1976 ugonjwa usiojulikana ulipoanza kuua watu Yambuku, inchi ilikuwa na mtu ambaye ni muganga na mtafiti pamoja, bado kijana, wa kutuma kule. Alitoa damu ya wagonjwa kwa mikono isiyo na glavu. Ugonjwa ule ndio tunaouita leo Ebola. Mwaka 1995, Kikwit, yeye na wenzake waliwapa wagonjwa 8 damu ya watu waliopona, na 7 wakaishi. Kutokana na damu ya mtu mmoja aliyepona Kikwit, watafiti wakatengeneza dawa ambayo ilijaribiwa huku kwetu mashariki 2018 na 2019, na mwisho wa 2020 Marekani ikaikubali rasmi. Inaitwa Ebanga. Hayo ndiyo matunda ya mtu mmoja aliyepata masomo yote mawili mapema na akarudi.

Kwa hiyo hatuongei juu ya vyeo vya kutundika ukutani. Tunaongea juu ya nani atakuwa pale siku shida itakapobisha hodi.

Na hapa Likasi shida imekwisha bisha hodi, imeingia, imeketi. Panda imekulia pembeni ya viwanda vya Union Minière, baadaye Gécamines. Baba zetu walikula mkate wa madini, sisi pia. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wa Leuven, kati yao Profesa Célestin Banza na Benoit Nemery, walitangaza matokeo ya kupima mkojo wa watu wa Katanga. Wanaokaa chini ya kilomita 3 kutoka mgodi au kiwanda cha kuyeyusha madini walikuwa na kobalti nyingi sana mwilini. Mwaka 2018 wakaonyesha mambo kama hayo Kasulo, Kolwezi, pale watu wanachimba ndani ya parseli zao, na watoto ndio walioonekana wameingiliwa zaidi. Mwaka 2020 ukatoka utafiti wa Lubumbashi: baba anayefanya kazi ya madini alikuwa na hatari kubwa zaidi ya kuzaa mtoto mwenye kilema cha kuonekana.

Hizo ni kazi za maana, na tunawashukuru waliozifanya. Lakini majibu bado ni machache, na maswali yanayobaki ni mengi kuliko mashimo ya kreseri. Je, vumbi hilo linafanya nini katika figo la mtoto wa miaka 10? Je, mama anayekunywa maji ya kisima cha pembeni ya kiwanda afanye nini leo, si mwaka 2040? Nani atauliza, kama wanaouliza ni wachache namna hii?

Dada yetu alikuwa na swali lake. Siku ile, baada ya simu kuzimwa, tuliketi barazani, akaniambia kwa Kiswahili jambo ambalo hakupata dakika ya kulisema kwa Kifaransa:

"Yaya, baba anatoka mgodini na nguo za kazi. Anayezifua ni mama, kwa mikono, na mimba tumboni, mtoto mwingine mgongoni. Sisi tunapima baba. Mimi nataka kupima beseni."

Nimefanya kazi ya radio zaidi ya miaka 10. Nimehoji mawaziri, mameya, maaskofu na wachezaji wa mpira. Swali lenye akili kama lile sijalisikia mara nyingi. Na halikuja kutoka mashine ya bei kali. Lilikuja kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa ule mtoto wa mgongoni. Watu wane wa upande wa pili hawakulisikia kamwe, kwa sababu walianza na mashine.

Hapo ndipo ninapotia kidole. Mahojiano ya kuchagua muganga-mtafiti yangepaswa kupima vitu vitatu. Cha kwanza, ana swali lake mwenyewe, au amekariri la profesa? Cha pili, anajua namna ya kulitafutia jibu, na anakubali kwamba jibu linaweza kumpinga? Cha tatu, kwa nini anataka vyote viwili, kutibu na kutafiti, na atafanyaje siku wodi itamuita na maabara itamuita saa ile ile? Mashine mtu anafundishwa kwa miezi. Swali la beseni hakuna anayeweza kukufundisha.

Halafu kuna jambo la majina, ambalo linatuumiza kimya kimya. Kwetu, mwanafunzi wa uganga akimaliza graduat aliingia doctorat ya 1, ya 2, ya 3, mpaka ya 4. Hata sasa mfumo wa LMD unapobadilisha majina, karatasi nyingi zimebaki na lile la zamani. Sisi tunaelewa kwamba hiyo ni njia ya kuwa docteur wa kutibu. Mgeni akisoma "doctorat" anafikiri ni ile ya utafiti, anaona mtu anaomba kile alichonacho. Mhojiwa anapoteza dakika tano za dhahabu kueleza neno. Jiri ya hapa isingeuliza hilo.

Najua mtakachonijibu, kwa sababu nami niko Mkongomani kama ninyi. Mtasema: "Ukileta mahojiano Lubumbashi au Likasi, watachagua watoto wa wakubwa. Itakuwa simu ya mkubwa, bahasha, matabishi. Afadhali Mzungu wa video, angalau hamjui baba yako."

Ni kweli, na ni jibu zito. Mimi mwenyewe nimeona orodha zinazobadilika usiku. Lakini Mzungu wa video naye ana bahasha yake, isipokuwa haionekani. Anayepita kwake ni mwenye umeme, mwenye mega za kutosha, mwenye Kiingereza cha shule ya kulipia, mwenye mjomba aliyekwisha mwambia ni maswali gani yanakuja. Hiyo nayo ni "mtoto wa nani".

Tena kuna mfano kwamba inawezekana. Mpango wa burse wa BEBUC, ulioanzishwa na Profesa Gerhard Bringmann wa Würzburg, Ujerumani, pamoja na Profesa Virima Mudogo wa Kinshasa, unachagua vijana wa Kongo, unawaona, unawafuata hatua kwa hatua mpaka doctorat, kwa nia kwamba warudi wafundishe hapa. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba kijana wa Kongo hawezi kuchaguliwa vizuri ndani ya Kongo.

Dawa ya matabishi ni mwanga. Kwa hiyo ninatoa maombi mane, na ninayatoa mbele ya watu wote.

Kwa wakubwa wa vyuo vikuu vya Lubumbashi na Likasi: fungueni njia moja ya uganga na utafiti, hata kama ni kwa wanafunzi watano tu kwa mwaka. Jiri iwe na waganga wa hapa, watafiti wa nje wawili, na muuguzi mzee wa hospitali ya mtaani. Alama zibandikwe ukutani siku ile ile, na sababu zake. Mwanafunzi aruhusiwe kueleza swali lake kwa Kiswahili kwanza. Asiyeweza kumueleza mgonjwa utafiti wake, bado hajauelewa.

Kwa kampuni za madini na wanaosimamia pesa za jamii: kanuni ya madini ya 2018 inawadai angalau 0,3% ya mauzo kwa maendeleo ya jamii zinazozunguka migodi. Tumeona madarasa, tumeona visima, asante. Tengeni sehemu ndogo kwa watakaotuambia kama maji ya visima hivyo yanafaa kunywewa. Lakini pesa isikae mkononi mwa kampuni, na kampuni isikae kwenye jiri.

Kwa vyuo vya ng'ambo: mkimuita mtoto wetu, mpeni siku ya pili iwapo umeme utakatika. Hiyo haigharimu kitu. Na anzeni kwa kumuuliza: "Umeona nini kwenu?"

Kwa ninyi wanafunzi: acheni kukariri "nataka kusaidia jamii yangu". Kila mtu anasema hivyo, hata mwanasiasa. Semeni mmeona nini, wodi gani, mtaa gani, na kitu gani hamkielewi. Na msione haya kusema "sijui" mbele ya wahoji. Mtafiti analipwa kwa sababu hajui na anataka kujua.

Dada yetu ameanza staji tena. Anasema ataomba mara ya pili. Kuna mama mmoja wa hapa mtaani amemruhusu kuchukua maji ya beseni lake katika chupa tano, ameziandika tarehe, ameziweka pembeni. Hana maabara ya kuzipimia.

Chupa hizo ninaziona kila ninapopita kwao. Ziko chini ya meza, zinasubiri.

Mwandishi wa habari wa radio, Panda