Ada Isiwe Kufuli la Chuo

Neno "ada" katika Kiswahili limebeba maana mbili. Ni desturi ya watu, na ni malipo, kama yale ya mwanafunzi ambayo wenzetu wa Kenya huyaita karo. Nachelea kusema kwamba katika vyuo vikuu vyetu maana hizi mbili zimekwisha kuwa moja: malipo yamegeuka mazoea, wala hatuulizi tena kama ni haki.

Haikuwa hivyo tangu hapo. Kwa miaka mingi baada ya uhuru, gharama za wanafunzi wa chuo kikuu Tanzania zilibebwa na umma. Mwalimu Nyerere alimfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa, ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenziwe riziki. Asiporudi, ni msaliti. Miaka ya 1990 ikaja na lugha ya "kuchangia gharama", na sheria ya mwaka 2004 ikaunda Bodi ya Mikopo.

Wapo wasemao: kwa nini mkulima wa Kongwa, asiyewahi kukanyaga chuo, atoe kodi ya kumsomesha mtoto wa tajiri? Hoja hii ina uzito, nami siipuuzi. Lakini kufuli la ada halimzuii mtoto wa tajiri. Humzuia mtoto wa mkulima yule yule. Namfahamu binti aliyefaulu vizuri, akapata nafasi ya chuo, kisha akakaa nyumbani mwaka mzima akiuza maandazi kwa kukosa ada ya kuanzia.

Mikopo imewavusha wengi, tusiikane. Hata hivyo, tangu mwaka 2016 makato ya mshahara wa mwajiriwa yalipanda kutoka asilimia 8 hadi 15, kiwango kimoja kwa mwenye kingi na mwenye kidogo. Aliyelipiwa na baba yake hadaiwi kitu. Wawili waliokaa dawati moja wanaanza maisha mmoja akiwa huru, mwingine akiwa na mzigo. Wahenga walisema: kukopa harusi, kulipa matanga. Mwaka 2021 tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa. Kumbe mazoea hubadilika, watu wakitaka.

Rai yangu ni hii: masomo ya chuo kikuu yasilipiwe mlangoni. Kila mhitimu, awe wa tajiri au wa maskini, akishapata kipato cha kumtosha, achangie kwa kadiri ya kipato hicho. Asiyepata asikamuliwe. Hivyo mkulima hatambeba tajiri, wala maskini hataadhibiwa kwa kutamani elimu.

Hapo "ada" itarudia maana yake njema: desturi ya aliyeshiba kumkumbuka aliyempakulia.