Mwandishi wa Watoto Aende Shuleni

Wapo wanaodai kwamba kazi ya mwandishi wa watoto huisha kitabu kinapotoka mitamboni. Mimi napinga. Hapa Uganda, mwaka 2022, Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Hata hivyo, wako watoto ambao bado husikia wakubwa wao wakikiita lugha ya askari. Agizo la serikali haliondoi hofu hiyo. Hadithi huiondoa, hasa mtoto anapoisikia kinywani mwa aliyeitunga. Naye mwandishi akiketi na watoto wa Gulu au Mbale, ataona wanacheka wapi, wanasinzia wapi, na neno lipi limewapita. Hakuna mhariri awezaye kumwambia hayo.

Mtasema nauli ni ghali na mwandishi naye anakula. Ni kweli. Basi idara zetu zinazoandaa makongamano zimlipie nauli na siku yake ya kazi. Walimu wetu, kila siku mnatufundisha kwamba samaki mkunje angali mbichi. Tutamkunja vipi tukiwa tumejifungia ukumbini, tukisomeana makala sisi kwa sisi?